Mbwa Kapata Kazi, Mimi Nashika Kamba

Kama Jumapili iliyopita gazeti lilikupita, hukukosa kitu isipokuwa aibu zangu, na aibu zangu haziishi. Nyingine hizi hapa.

Kwa wageni: mimi ni Renata Pilarski, umri wangu arobaini na saba, zamani muuza nyama wa mtaa wa Lagrange hapa Toledo, na sasa nasoma ili nije kuwa daktari. Cheka, ukimaliza tuendelee.

Baba alipofariki niliuza bucha, nikabaki na mbwa wake, nikarudi chuo. Darasa la kemia nakaa na watoto waliozaliwa wakati mimi nimeshaolewa na kuachika. Wananiita "mama". Siku ya kwanza mmoja aliniuliza kwa adabu zote kama nimekuja kumtafuta mwanangu.

Lakini chuo cha udaktari hakimchukui mtu kwa alama za mtihani peke yake. Kinataka kwanza ukajitolee hospitalini, uwe karibu na wagonjwa, kisha mtu wa huko aseme kwa kinywa chake: huyu nimemwona, anafaa. Nikadhani hilo ndilo jepesi kuliko yote. Kazi ya bure, nani atakunyima?

Walininyima.

Hospitali ya kwanza iliniambia nafasi za wanafunzi ni za vijana. Ya pili ikaniambia nafasi za watu wazima ni za wastaafu.

"Rudi ukistaafu," alisema yule wa mapokezi.

"Nistaafu nini? Sijaanza."

"Chochote tu, mama."

Ya tatu ilikuwa Mtakatifu Kunegunda, na huko ndiko nilikokutana na Bibi Jadwiga Gorski, miaka themanini na moja, mkuu wa watu wote wa kujitolea, koti la waridi, rangi ya mdomo nyekundu, ulimi kama kisu cha kukatia mifupa. Maaskofu wamekuja na kuondoka, yeye yupo. Hakuna anayesukuma kiti cha magurudumu wala anayepanga maua pale ndani bila ruhusa yake. Na chuo kikitaka kujua habari za mtu, simu hupokea yeye.

Alinitazama juu hadi chini.

"Wewe foleni yako ni miaka miwili," alisema. "Una mbwa?"

"Ninaye."

"Mpole?"

"Mvivu."

"Vizuri. Mbwa aanze Jumatatu."

Ndivyo Kluski alivyopata kazi ya kuliwaza wagonjwa. Alipimwa kwanza. Walitandaza vipande vya nyama sakafuni waone kama atavishambulia. Kluski alinusa, akapita. Mbwa aliyekulia chini ya meza ya bucha hababaishwi na kipande cha nyama. Walimpigia makofi. Hakuna aliyefikiria kumpima kwa vitu vitamu.

Mimi nilipewa koti la waridi la watu wa kujitolea, lakini kitambulisho kina picha yake na jina lake. Mimi nimeandikwa chini, herufi ndogo: mshika kamba. Tukiingia wodini watu wanashangilia, "Kluski huyo! Kluski kaja!" Halafu mtu anakumbuka adabu, anasema, "Na... mama yule."

Basi. Sasa tuje Jumanne hii, siku iliyonitia doa.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku ambayo Mpolandi wa Toledo asiyekula ponchki huulizwa kama ana homa. Ponchki zenyewe unazijua, maandazi manene yenye jamu ya plamu katikati na sukari ya unga juu. Foleni zilizunguka mitaa, theluji inaanguka, watu hawabanduki. Hospitalini kila meza ya wauguzi ilikuwa na boksi. Tangu tunaingia mlangoni Kluski alikuwa amenyanyua pua, na mimi, mjinga, nikadhani amefurahi kufika kazini.

Siku hiyo hiyo Bibi Jadwiga alikuwa na miadi na kisu. Mawe kwenye nyongo. Yalikuwa yanamtesa tangu kabla ya Krismasi, na yeye anayaficha kwa rangi ya mdomo. Alinipigia simu asubuhi.

"Mlete Kluski anione kabla hawajanipeleka ndani."

"Na mimi nije?"

"Kamba haijishiki yenyewe."

Nilimkuta chumba cha kusubiria upasuaji, amelala kitandani na gauni la hospitali. Bila lile koti la waridi alikuwa mdogo, wa kubebeka. Nikamwonea huruma, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Sijafa bado."

"Hapana, Bibi."

"Na viatu vyako vimeniletea theluji chumbani." Kisha akamgeukia mbwa, sauti ikalainika. "Njoo, mfalme. Njoo kwa bibi."

Mfalme akaja. Akapandisha miguu ya mbele kitandani, akaingiza kichwa chini ya blanketi, akaanza kuvuta.

"Toka! Mshika kamba, mtoe! Toka, mwizi wewe!"

Nilivuta kamba kwa nguvu zangu zote. Kluski alitoka na karatasi ya kufutia mikono mdomoni, na ndani ya karatasi nusu ponchki. Akaimeza pamoja na karatasi yake. Pua yote nyeupe, jamu kwenye masharubu.

Nikamtazama mbwa. Nikamtazama bibi.

"Bibi, umekula?"

"Nani kasema?"

"Ile ilikuwa ponchki."

"Ilikuwa. Sasa ni ya mbwa."

"Na ile nusu nyingine iko wapi?"

Akageukia dirishani. "Nimeonja."

"Umeonja ngapi?"

"Mbili na nusu. Na mwizi wako kamalizia."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Mtu anayekwenda kulazwa usingizi wa dawa hatakiwi kuwa na kitu tumboni, kwa sababu akiwa hajitambui chakula kinaweza kupanda, kikashukia kwenye mapafu, na hapo anaweza asiamke tena. Hilo sikuhitaji kulisoma chuoni. Limebandikwa mlangoni, maandishi makubwa, na aliyelibandika ni Bibi Jadwiga mwenyewe.

"Inaweza kukuua, Bibi."

"Najua. Nimekaa hospitali hii miaka mingi kuliko panya wake."

"Sasa kwa nini?"

Akaanza kukunjakunja ncha ya shuka.

"Mume wangu Kaziu aliingia mlango ule ule wa chumba cha upasuaji," alisema. "Wakasema jambo dogo, atatoka mchana. Alikuwa hajala tangu jana yake, amenuna kama mtoto. Akaniambia, Jadzia, nikitoka nataka soseji na kabichi, usiniletee supu. Hakutoka. Alikufa na njaa, Renata. Mwanaume aliyependa kula kama yule, alikufa na njaa. Mimi sifi na njaa. Siku ya ponchki, mimi sifi na njaa."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Nilimshika mkono, akauacha kidogo, kisha akakumbuka yeye ni nani, akauvuta.

"Basi tuwaambie waahirishe," nikasema. "Kwa upole tu."

"Thubutu! Waniahirishe hadi Pasaka? Unajua haya mawe yanavyouma? Nimetambaa sakafuni usiku, peke yangu, hakuna hata wa kuniletea maji." Alininyooshea kidole. "Ukifungua mdomo wako, mimi nafunga wangu. Chuo kikinipigia kuuliza habari za Renata Pilarski, nitawaambia simjui. Nitasema namjua mbwa."

Na nakuapia, hakuwa anatania.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Daktari Haddad, daktari wa usingizi, kijana ambaye ningeweza kumzaa na kumchapa, na nyuma yake muuguzi Delphine Broadnax.

"Kluski!" daktari akasema, akamkuna masikio. "Hujambo, mkubwa? Na wewe, mama Kluski, hujambo?"

Kabla sijajibu, Bibi Jadwiga alijiinua kwenye mto.

"Daktari, huyu si mama Kluski. Huyu ni Renata. Anasomea udaktari. Katika wote waliopita mikononi mwangu, ni huyu tu ninayeweza kumwachia mgonjwa nikaenda zangu nyumbani kulala."

Yule bibi hajawahi kunisifia hata kufunga mlango. Nikaelewa: alikuwa ananilipa, hapo hapo, taslimu.

"Udaktari? Kweli?" Haddad akanitazama kana kwamba nimeingia sasa hivi. "Mbona hukusema? Umeshawahi kuingia chumba cha upasuaji?"

"Hapana, daktari."

"Unataka? Mimi nasimama kichwani kwa mgonjwa. Utasimama nami, uone kila kitu. Ilimradi Bibi ameridhia."

"Ameridhia!" Bibi Jadwiga akasema. "Mpeni nguo, tusicheleweshane."

Msomaji, ule mlango nimeuota. Wenzangu darasani wanaingia humo kama jikoni kwao, baba daktari, shangazi daktari. Mimi baba yangu alikuwa fundi wa soseji. Leo mlango umefunguka wenyewe, na ufunguo wake ulikuwa ponchki.

Nikanyamaza.

Ndiyo, nilinyamaza, usinisukume. Delphine alinipa nguo za kijani za chumba cha upasuaji na kofia yake, nami nikazipokea kwa mikono miwili, nikazikumbatia.

"Bibi," Delphine akauliza, "umekula au kunywa chochote tangu jana usiku?"

"Hata mate nimetema."

Delphine akaitikia kwa kichwa, akainama kumpa Kluski mkono wa salamu, na hapo hapo akasita.

"Huyu ana nini mdomoni?"

Chumba kizima kikamtazama Kluski. Kluski akajilamba, akabakiza ya kutosha kwa ushahidi.

"Hiyo si sukari?" Delphine akauliza. "Na hiyo si jamu?"

"Ah!" Bibi Jadwiga akapiga blanketi. "Renata kampa ponchki! Nimemwambia asimpe, hasikii. Mtu mzima ovyo!"

Kumlisha mbwa wodini ni kosa la kufukuzwa siku hiyo hiyo, yeye na mshika kamba wake. Yule bibi alinipa pepo kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukaichukua, bila hata kupumua katikati.

"Renata," Delphine akasema kwa huzuni, "sheria unaijua."

Nikamtazama bibi. Na jicho lake halikuwa linanitisha tena. Lilikuwa linaniomba. Likisema, beba hili dogo, mwanangu, nitakutengenezea baadaye, si unajua mimi ndiye mwenye simu.

Ningeweza kulibeba. Nimpe mbwa ponchki, kosa gani hilo? Wangenifukuza wiki moja, bibi angezungumza, ningerudishwa. Nilishafungua mdomo niseme samahani.

Delphine akafungua breki za kitanda. Magurudumu yakaanza kutembea. Bibi Jadwiga akapita mbele yangu, anatazama dari, midomo inacheza, nikajua anasali.

"Amekula!"

Nilipiga kelele hadi watu wa korido wakachungulia. Hata Kluski aliketi.

"Ponchki mbili na nusu," nikasema. "Iliyobaki ndiyo hiyo kwenye masharubu ya mbwa."

"Mwongo!" Bibi Jadwiga alikuwa amekaa wima kitandani. "Muuza soseji mwongo! Anakitaka kiti changu!"

"Bibi, kiti chako hakina hata mshahara!"

Delphine alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Daktari Haddad alimtazama bibi, akanitazama mimi, mtu wa miaka mingi pale ndani na mshika kamba wa juzi. Nikaona anavyopima. Kisha akasema, "Hamna haja ya kubishana. Tutaliuliza tumbo." Akamtuma Delphine alete mashine ya ultrasaundi.

"Si hiyo ndiyo ya kupimia mimba?" Bibi Jadwiga akauliza.

"Ndiyo hiyo hiyo, Bibi."

"Aibu iliyoje. Na mimi mjane!"

Wakampaka mafuta ya baridi tumboni. Mimi kwenye ile skrini niliona ukungu tu, nikaogopa: itakuwaje kama hakionekani kitu, nami nimeshaua kila kitu kwa mdomo wangu? Haddad alitelezesha kile kipimo huku na huku, akasimama, akainama karibu.

"Bibi," akasema taratibu, "humu ndani kuna karamu."

"Ni mbili na nusu?" Delphine akauliza.

"Hizi si mbili na nusu."

Sote tukamgeukia mwenye tumbo.

"Zilikuwa ndogo," alisema Bibi Jadwiga.

Hakupasuliwa. Haddad alimwambia angemwingiza kesho asubuhi, wa kwanza kabisa, kama hakuna kitakachopita mdomoni tena.

"Kesho? Si Pasaka?"

"Kesho, Bibi. Ungeuliza, tungekuambia."

"Kesho Jumatano ya Majivu," akanung'unika. "Kesho hata shetani hali." Kisha akanigeukia, na rangi ikamrudi usoni. "Wewe. Vua koti langu."

"Bibi..."

"Vua. Kuanzia sasa huna kazi hapa. Mbwa abaki, hana kosa."

"Hana kosa? Si ndiye aliyekufichua!"

"Yeye alikuwa na njaa. Wewe ulikuwa na mdomo."

Nikavua lile koti la waridi, nikaliweka miguuni pake. Na nikalia. Sikulia nilipouza bucha, sikulia yule kijana aliponiuliza mwanangu yuko wapi, lakini pale nililia mpaka kamasi, mwanamke wa miaka arobaini na saba, suruali imejaa sukari ya mbwa. Nimesema kweli na nimefukuzwa kwa hiyo kweli, na aliyefukuza ndiye aliyepona.

"Ngoja kidogo," Daktari Haddad akasema. "Mimi nilikupa nafasi, na sijakunyang'anya. Kesho asubuhi, kichwani kwa mgonjwa, kama tulivyosema. Nikikuona kesho unavyokaa naye, na chuo kikatafuta mtu wa kukusemea, watanipigia mimi."

Machozi yalikatika kama bomba lililofungwa.

"Ila," akaongeza, akijikuna shingo, "sheria haijabadilika. Mtazamaji haingii bila mgonjwa kuridhia. Saa ile aliridhia. Sasa..."

Akamtazama aliye kitandani.

Bibi Jadwiga alikuwa amefumba macho. Kluski, asiye na haya, alikuwa amepanda tena kwa miguu ya mbele na kuweka kichwa juu ya paja lake, na mkono wa bibi ulikuwa umeshafika kwenye masikio yake bila kutumwa. Kila mtu pale anajua kwamba tangu mumewe afe yeye hula chakula cha jioni kantini ya hospitali, kwa sababu nyumbani hakuna wa kula naye.

"Huyu hulala wapi?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Miguuni pangu. Zamani alikuwa analala miguuni pa baba."

"Hukoroma?"

"Sana. Kama baba."

Akamkuna tena. Kisha akafumbua macho, akanitazama sawasawa.

"Nitaridhia," alisema. "Uingie, usimame kichwani, unishike mkono mpaka dawa inichukue, maana naogopa. Haya, nimesema, furahini. Lakini nikitoka mle ndani mzima, huyu anakwenda kwangu."

"Kukutembelea?"

"Kuishi."

"Wiki moja mbili, mpaka upone? Sawa, Bibi, mchukue."

"Sikusema wiki. Nimesema kuishi. Sahani yake kwangu, kitanda chake kwangu. Moja kwa moja."

"Bibi, huyu ni mbwa wa baba yangu. Ndicho kitu pekee kilichobaki chenye roho yake."

"Na mimi nilikuwa na mume," akasema, na safari hii hakupaza sauti.

Delphine akatazama sakafu. Daktari Haddad alikuwa ameziokota zile nguo za kijani nilizoziacha kwenye kiti, amezishika mbele yangu, hajui azitoe au azirudishe. Kluski alikuwa anamlamba bibi sukari kwenye vidole, kimoja kimoja, bila haraka.

"Haya, sema," akaniambia Bibi Jadwiga. "Hawa watu wanataka kurudisha kitanda wodini, na mdomo wako leo wote tumeusikia, unafanya kazi."